Shingo ya ganda la risasi: utajuaje kwamba joto limetosha?

Swali: Nalainisha kwa moto shingo za maganda ya risasi za bunduki ya .308 kwa tochi ya gesi kabla ya kuyajaza upya baruti na kichwa. Mmoja ameniambia nichome mpaka shingo iwe nyekundu kabisa. Mwingine anasema nisubiri rangi ya bluu ishuke begani, pale shingo inapopanuka kuwa mwili wa ganda. Wa tatu anasisitiza rangi ya kupaka, ya kupimia joto, ya nyuzi 400 za Selsiasi. Nimejaribu yote matatu. Baadhi ya shingo bado zinapasuka baada ya kujazwa mara tano au sita, na nyingine zimelegea hata kichwa cha risasi hakishiki. Nifuate lipi?

Jibu: Kila mmoja kakupa kipande cha ukweli, na kilichokosekana kwa wote ni kimoja, nacho ni muda. Joto la kulainisha shaba halina namba moja. Ukitaja nyuzi bila kutaja sekunde hujasema kitu bado, na ukitaja sekunde bila kueleza moto ulivyo, hali ni hiyohiyo.

Maganda hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Metali hii haigumishwi kwa moto kama chuma cha pua; inagumishwa kwa kukunjwa, kuvutwa na kubanwa ikiwa baridi. Kila ukifyatua, shingo inatanuka. Kila ukiipitisha kwenye dai, yaani kalibu ya chuma ya kurudisha kipimo, inabanwa. Fuwele ndani ya metali zinavurugika kidogo kidogo mpaka zinashindwa kuteleza tena. Hapo shingo inakuwa ngumu, ikibanwa inaruka nyuma, na mwishowe inapasuka kwa urefu kuanzia mdomoni. Moto kazi yake ni kuzifanya fuwele hizo zijipange upya.

Zinachukua muda kujipanga, na kadiri joto linavyopanda ndivyo muda unavyopungua kwa kasi kubwa. Shaba hii ikikaa tanurini saa nzima kwa nyuzi 250 hadi 300, mikazo ya ndani inaachia na ulaini unaanza kurudi. Ikipewa sekunde tano au sita tu mbele ya tochi, nyuzi 300 hazifanyi lolote la maana, na nyuzi 400 zinafanya kidogo sana. Kwa muda mfupi hivyo shingo inahitaji kuvuka nyuzi 500, na eneo zuri la kufanyia kazi ni kati ya 520 na 600. Ndiyo maana yule wa nyuzi 400 hakukudanganya, ila namba yake inahitaji maelezo, nami nitairudia.

Hesabu moja ndogo inaeleza kwa nini maganda yako yametoka mengine magumu na mengine malegevu. Shingo inayotoka nyuzi 20 ikafika 550 kwa sekunde tano inapanda wastani wa zaidi ya nyuzi 100 kwa kila sekunde. Ukichelewa kuiondoa kwa kukohoa tu, umekosea kwa nyuzi mia. Kwa mwendo huo jicho peke yake haliwezi kuwa kipimo cha kila ganda. Jicho litumie kuweka kipimo mara moja, kisha saa ifanye kazi iliyobaki.

Sasa ishara moja moja, nikianza na ile ninayoiamini zaidi.

Kitu chochote kigumu kikipashwa moto huanza kutoa mwanga mwekundu hafifu karibu na nyuzi 525, na macho huuona gizani tu. Bahati nzuri namba hiyo inaangukia palepale tunapopataka. Tatizo la ushauri wa "mpaka iwe nyekundu" ni kwamba mtu anaufuata mchana, dirisha wazi, taa imewaka. Kwenye mwanga wa kawaida, wekundu unaouona waziwazi ni wa nyuzi 650 au 700 kwenda juu. Kufikia hapo umeshapita mbali, na shingo zako zilizolegea kama bati huenda zimetokana na hilo. Kwa hiyo zima taa, funga mapazia, kaa dakika tano macho yazoee giza, ndipo uwashe tochi. Weka moto mdogo ili mwanga wake usikufunike macho.

Angalia mdomo wa ganda. Wekundu wa kwanza hauji kwenye shingo nzima kwa pamoja. Unaanza kama uzi mwembamba kwenye ukingo wa mdomo, kwa kuwa ukingo ni mwembamba na joto lake halina pa kukimbilia zaidi ya upande mmoja. Mara moja wekundu huo, rangi ya kaa linalokaribia kuzimika, unashuka kuelekea begani. Unachokitaka ni ile nafasi uzi umeonekana na shingo ndiyo kwanza inaanza kuufuata. Wekundu ukifika begani ukiwa unang'aa, umechelewa.

Rangi ya bluu ni jambo jingine kabisa. Ile ni tabaka jembamba la oksidi juu ya shaba, na rangi yake hutegemea unene wa oksidi, usafi wa shaba, aina ya mwali na hata pembe unayoangalia. Ganda lililosuguliwa kwa maji na sabuni na ganda lililosuguliwa kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanaweza kutoka na rangi tofauti kwa joto lilelile. Bluu inaweza kutokea kabla shingo haijalainika, na inaweza kutokea pia kwenye shingo iliyoungua. Usiitumie kujua joto la shingo. Ina faida moja tu, nayo si ndogo: inakuonyesha joto limeshuka hadi wapi. Ukiona mstari wa rangi umekaa milimita chache chini ya bega, vizuri. Ukiukuta umefika nusu ya mwili wa ganda, simamisha kazi.

Wengine huangalia mwali wenyewe: ganda likifika joto fulani, mwali unaolipita hugeuka rangi ya chungwa. Inasemwa kwamba hiyo ni zinki inaungua. Mara nyingi si zinki, ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya jasho la vidole na mabaki ya sabuni. Zinki ikianza kutoka kweli utaona moshi mweupe na unga mweupe unaobaki juu ya shingo, na ganda hilo limeharibika. Mwali wa chungwa unaweza kukusaidia kama maganda yote yameoshwa namna moja na hayakushikwa kwa mikono mitupu, lakini ni ishara ya kukumbusha tu.

Kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza kama bastola, kiache kabisa kwa kazi hii. Shaba inayong'aa hutoa sehemu ndogo tu ya mionzi ambayo kifaa kinatarajia, hivyo kitakusomea joto la chini mno kuliko lilivyo. Isitoshe, doa linalopimwa huwa kubwa kuliko shingo, na kifaa kinachanganya shingo, mwali na ukuta wa nyuma.

Na ile njia ya mshumaa, ya kushika kitako kwa vidole mpaka kikuunguze? Vidole vinashindwa kuvumilia kitako kikiwa na nyuzi 50 au 60. Hilo halikuambii lolote kuhusu shingo. Mwali wa mshumaa hauna nguvu ya kuifikisha shingo nyuzi 500 kabla joto halijasambaa kwenye mwili mzima. Matokeo yake ni ganda jeusi lenye masizi na shingo ngumu kama ilivyokuwa.

Rangi ya kupimia joto ni chombo kizuri ukikitumia inavyotakiwa. Rangi hizi, Tempilaq ikiwa mojawapo, huyeyuka kwenye joto lililoandikwa kwenye chupa. Paka nyembamba iliyokauka na kufubaa hugeuka ghafla ikawa kama imelowa maji. Ipake ndani ya shingo, siyo nje. Ukiipaka nje, mwali unaigusa moja kwa moja, na utakuwa unapima moto badala ya shaba. Chukulia basi ile ya nyuzi 400 kama lango la kwanza. Ikiyeyuka, shingo imevuka 400 na bado inapanda. Ukiliondoa ganda wakati huohuo, kazi haijakamilika, na nadhani zile shingo zako zinazoendelea kupasuka zimetokana na hapo. Zipo rangi za karibu na nyuzi 540, nazo zinafaa zaidi kwa shingo.

Lakini matumizi makubwa zaidi ya rangi hizi, kwa maoni yangu, hayapo shingoni. Yapo mwilini. Paka mstari wa rangi ya nyuzi 245 hivi kwa urefu wa ganda, kuanzia chini kidogo ya bega hadi kitakoni. Inaruhusiwa kuyeyuka milimita tano au sita za kwanza tu. Kitako kinatakiwa kibaki kigumu kama kilivyotoka kiwandani, kwa sababu ndicho kinachobeba shinikizo mahali ambapo chemba ya bunduki haikizungushi chote. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .308 Winchester ni takriban megapaskali 427. Kitako kilicholainika hutanuka, tundu la fataki, kile kidude kinachowasha baruti, linalegea, na kikishindwa kabisa gesi yenye shinikizo hilo hurudi kwa mpigaji, usoni na mikononi. Tena hakuna njia ya kukigumisha upya nyumbani. Shingo iliyoharibika ni hasara ya ganda moja. Kitako kilicholainika kinaweza kuondoka na jicho.

Basi fanya hivi. Toa fataki zilizotumika kwenye maganda yote, na usichome kamwe ganda lenye fataki, hata kama unadhani imekufa. Baruti na fataki mpya ziwe chumba kingine. Osha maganda, yakauke. Yatenge kwa kiwanda na kwa fungu, maana unene wa ukuta hutofautiana. Ganda zito na ganda jepesi hayafiki joto moja kwa sekunde zilezile. Shingo zilizochongwa nje ziweke peke yake pia, zinawahi.

Tafuta soketi ndefu ambayo ganda linaingia na kuacha shingo, bega na sehemu ndogo ya mwili nje. Ifunge kwenye drili inayozunguka polepole, mzunguko mmoja au miwili kwa sekunde. Bila kuzungusha utapata shingo laini upande mmoja na ngumu upande wa pili, na hilo kwa usahihi wa shabaha ni baya kuliko kuacha kuchoma. Ndiyo kasoro ya ile njia ya kuyasimamisha maganda kwenye trei ya maji na kuyaangusha yakiwa mekundu: maji yanakilinda kitako vizuri, ila moto unaingia upande mmoja.

Funga tochi mahali pamoja isitikisike. Ndani ya mwali kuna koni ndogo ya bluu iliyokolea. Ncha yake iache milimita chache kabla ya shaba, ielekee kwenye kiungo cha shingo na bega. Ukiuelekeza mdomoni, ukingo utaungua kabla bega halijapata kitu.

Sasa chukua maganda matano au sita ya fungu hilohilo uliyokwisha kuyatoa sadaka. Washa kitu kinachogonga kila sekunde, simu inaweza. Gizani, ingiza ganda la kwanza kwenye mwali na uhesabu mpaka ule uzi mwekundu uonekane mdomoni. Tuseme ni sekunde sita. La pili na la tatu yatoe jibu hilohilo, au karibu nalo kwa nusu sekunde. Yakitofautiana zaidi ya hapo, tatizo ni umbali wa moto au upepo, rekebisha kwanza. Muda ukiwa chini ya sekunde nne, moto ni mkali mno na hutaweza kuudhibiti kwa mkono. Ukizidi sekunde nane au tisa, moto ni dhaifu, na joto linapata nafasi ya kuteremka mwilini. Ongeza gesi au sogeza karibu. Ganda la nne lipake rangi ya nyuzi 245 mwilini, lichome kwa muda ulioupata, uangalie rangi imeyeyuka hadi wapi. Ikiwa imeishia chini kidogo ya bega, muda wako ndio huo. Andika: kiwanda, fungu, sekunde, umbali wa tochi.

Washa taa. Kuanzia hapo hutazami rangi tena, unafuata mlio wa saa tu. Sekunde zikitimia, geuza drili ganda lidondoke. Lidondokee wapi? Popote pasipoungua. Maji hayaifanyi shaba hii kuwa ngumu wala laini. Haina tabia ya chuma cha pua ya kugumishwa kwa kuzimwa ghafla. Maji yanazuia tu joto lisiendelee kushuka, na kama muda wako ni sahihi, trei ya chuma inatosha na hutahitaji kuyakausha. Ukiona unalazimika kutumia maji ili kitako kisipate moto, basi muda umezidi.

Rudia kipimo cha gizani kila baada ya maganda hamsini. Mtungi mdogo wa gesi hupoa unavyotumika, shinikizo linashuka na mwali unadhoofika bila wewe kuona. Ganda la mia linaweza kupata nyuzi themanini pungufu ya lile la kwanza kwa sekunde zilezile. Wenye mashine za umeme za kupasha kwa koili hawana shida ya gesi, lakini nao hawaruki hatua ya kutoa maganda ya sadaka kwa kila fungu.

Joto lilikuwa sahihi au la, shingo yenyewe itakwambia. Chukua moja ya sadaka, ibane mdomoni kwa koleo taratibu hadi iingie kama milimita moja, kisha achia. Shingo ngumu inapinga na inaruka karibu yote kurudi duara. Iliyolainishwa vizuri inakubali, halafu inarudi kiasi. Unahisi bado ina uhai wa springi. Iliyopitiliza inabaki palepale ulipoiacha, kama mrija wa dawa ya meno. Fanya hivyo kwa ganda ambalo halikuchomwa na lililochomwa kwa makusudi mpaka likawa jekundu la kung'aa, ili vidole vipate kulinganisha pande zote mbili.

Kipimo cha pili ni cha kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Pitisha shingo kwenye dai yenye bushi (pete inayobana shingo) ya kipimo kinachojulikana, tuseme milimita 8.46. Shingo ngumu itatoka na kuruka hadi 8.51 au zaidi. Iliyolainika vizuri itasimama kwenye 8.48, pengine 8.49. Usitafute namba ndogo kuliko zote. Tafuta namba moja inayojirudia ganda baada ya ganda. Ikiwa haijirudii, hakuna kilichosawazishwa. Angalia na bega: likilainika sawasawa, dai inalisukuma kiasi kilekile kila mara, bila kugusa skrubu.

Kwa mwenye kipimo cha ugumu cha Vickers, shingo iliyochoka hupita 150, na baada ya moto mzuri inatua karibu na 100. Ikishuka chini ya 80, imekwenda kwenye ulegevu ambao haushiki kichwa cha risasi.

Dalili moja ya kuungua ni muhimu kuijua kwa macho. Kata shingo kwa urefu kwa msumeno mdogo, uikunjue. Ikiwa uso wa nje unakuwa na vijibonde kama ganda la chungwa, fuwele zimekua kupita kiasi. Shingo ya namna hiyo hata ikija kugumika tena kwa kubanwa, haitakuwa na nguvu ya awali.

Turudi kwenye maganda yako yaliyopasuka. Chunguza ufa umekaa vipi. Ufa wa wima shingoni ni ugumu, na haya yote yanauhusu. Ufa unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako ni ugonjwa mwingine: bega linasukumwa nyuma kupita kiasi kila unaporudisha kipimo, na ukuta unavutika mpaka unakatika. Moto hautibu huo. Rekebisha dai na yatupe maganda hayo.

Na kama shingo zinapasuka zikiwa zimejazwa na kuwekwa kabatini bila kuguswa, tazama unachosafishia. Amonia hushambulia shaba iliyobeba mikazo ya ndani. Jeshi la Uingereza kule India lilihangaika na risasi zilizopasuka zenyewe wakati wa masika, zikiwa zimehifadhiwa mazizini. Mwaka 1921 wataalamu wa metali Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi ikikutana na mikazo iliyobaki kwenye shaba iliyovutwa baridi. Dawa ilikuwa moto hafifu wa kuondoa mikazo. Dawa nyingi za kung'arisha shaba bado zina amonia. Soma chupa, na ukiikuta imo, usiitumie kwenye maganda.

Chomea mahali penye hewa inayopita, maana moshi wa zinki si wa kuvuta. Choma kabla ya kurudisha kipimo, siyo baada, ili dai ipokee shingo laini na kuipa springi kidogo. Ukichoma kila baada ya kufyatua utapata usawa mkubwa zaidi. Ukichoma kila mara ya tatu inatosha kuzuia nyufa. Mara tano au sita bila moto ni nyingi.

Yale yaliyolegea shingoni lakini mwili hauna alama ya joto, jaribu kuyabana kwenye dai mara kadhaa na uone kama yanashika. Mengine yatafaa kwa mazoezi ya karibu. Yenye unga mweupe au vijibonde vya chungwa, tupa. Na yoyote ambayo rangi ya moto imeteremka kupita nusu ya mwili, hata likionekana zima na linaingia vizuri kwenye dai, liponde kwa nyundo kabla ya kulitupa, lisije likaokotwa na kujazwa na mtu mwingine.